Kigugumizi: Kutajwa na Kujitaja

Mwaka 1944 mtaalamu mmoja wa Marekani, Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, alichapisha makala mafupi yenye dai kubwa. Alisema kuwa miongoni mwa Wabannock na Washoshone, wenyeji asili wa Idaho, hapakuonekana watu wenye kigugumizi, na kwamba lugha zao hazikuwa hata na neno la kukitaja. Juu ya ushahidi huo alijenga hoja ambayo ingemvutia mwanaisimu yeyote: pasipokuwa na jina, hapana maradhi. Mzazi asiye na jina la kumwita mtoto anayesitasita hatamtia mtoto hofu kwa jina hilo, na mtoto asiyetiwa hofu atakua akisema kama wenzake. Dai hilo lilirudiwa na wengi kwa karibu miaka arobaini. Mwaka 1983 watafiti wanne, mmoja wao akiwa Sven Liljeblad, mwanaisimu aliyezifahamu lugha hizo kwa muda mrefu, walionyesha kuwa maneno yalikuwapo, tena si moja, na wenye kigugumizi walikuwapo pia. Ila wenyeji hawakuwa wameulizwa ipasavyo.

Kisa hiki ni onyo kwa kila mmoja wetu aliyewahi kuandika kwamba lugha fulani "haina neno". Lakini kwa madhumuni ya makala haya kina jambo jingine la ndani zaidi. Johnson mwenyewe alikuwa na kigugumizi, na miaka 14 kabla ya kuandika hayo alikuwa amekwisha kukiri jambo hilo hadharani kwa kitabu kizima. Mtu mmoja, basi, alijitaja kwa hiari, kisha akafundisha kuwa jina ndilo lenye sumu. Yawezekanaje? Nitajaribu kuonyesha kuwa katika historia ya kigugumizi mambo mawili yamechanganywa ambayo hayafanani hata kidogo: kutajwa na mtu mwingine, na kujitaja mwenyewe. Na madhali makala haya yatawasifu waliosema wazi, haitakuwa haki mwandishi ajifiche nyuma ya nafsi ya tatu. Mimi nina kigugumizi tangu utotoni, na hufundisha Kiswahili kwa kinywa hichohicho.

Neno lenyewe

Kiswahili kinalo neno, na ni neno lenye sauti. Kigugumizi hakiko mbali na kitenzi gugumia, kunywa kwa mikupuo huku koo likilia, kana kwamba msemaji anameza kile anachotakiwa kukitoa. Wagiriki wa kale walisema battarizein na Warumi balbutire. Waarabu walikwenda mbali zaidi na kupambanua: mwenye tamtama hukwama penye t, na mwenye fa'fa'a hukwama penye f. Ni dhahiri kuwa maneno haya yote yameundwa kwa kuirudia silabi, yaani kwa kumwigiza mwenye tatizo. Hata kabla ya kukusudia dhihaka, anayelitamka jina hili amekwisha kumwiga kidogo mwenzake. (Pengine naona mengi mno katika silabi mbili, pikipiki nayo imepewa jina kwa mlio wake na haijalalamika.)

Upande wa sarufi, hata hivyo, lugha yetu imekuwa na huruma. Tunamwita mtu kiziwi, kipofu au kiwete, na kwa hayo hali yake imemmeza yeye mzima na kumpa umbo la KI-VI. Kigugumizi hatukukifanya hivyo. Katika usemi wa kawaida mtu hawi kigugumizi, bali ana kigugumizi, kama vile mtu alivyo na homa au njaa. Amebaki mtu, naye ana kitu.

Lakini matumizi ya magazeti yamekwenda njia nyingine. Tunasoma kila siku kuwa mkuu fulani "alipata kigugumizi" alipoulizwa juu ya fedha za umma, na maana iliyokusudiwa si kwamba sauti zilimkwama, bali kwamba alikuwa na la kuficha. Sitiari hii imeenea kiasi kwamba wengi hawaioni tena kuwa ni sitiari. Kwa mwenye kigugumizi ina gharama. Askari anapomwuliza atokako, au mwajiri anapomwuliza alifanya kazi wapi, jawabu lake la kweli hutoka katika umbo ambalo lugha imekwisha kulitangaza kuwa ni umbo la uongo.

Tena kuna upatanisho wa kisarufi, ambao sisi huufundisha kama pambo la lugha za Kibantu bila ya kufikiri ni nani atakayeutamka. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa Iowa walionyesha kuwa kigugumizi hupenda mwanzo wa neno na mwanzo wa sentensi. Sasa na tuitazame sentensi hii ya mwanafunzi wa shule ya msingi: "Kitabu changu kipya kimepotea." Mwanzo wa neno la kwanza ni ki, wa la tatu ni ki, na wa la nne ni ki tena, katikati lipo cha. Aliyekwama kwenye kitabu anajua kuwa amebakiwa na milango mingine, na miwili kati ya hiyo ina kufuli lilelile. Wengi wetu tulijifunza mapema kuikimbia njia hii kwa kutumia visawe: "Buku langu jipya limepotea." Mwalimu hucheka kwa kusikia buku, asijue kuwa mtoto amefanya kazi kubwa ya kisarufi katika nukta moja, kwa kuwa kulibadili jina ni kuzibadili ngeli zote zinazolifuata, na uamuzi huo hauna budi kufanywa kabla sentensi haijaanza. Naamini kuwa mimi nilizijua ngeli za Kiswahili kabla ya kufundishwa, kwa sababu nilizihitaji ili kujificha.

Yako maneno yasiyo na kisawe. Jina la mtu mwenyewe halina. Shikamoo haina. Hodi nayo, ukishindwa kuitamka, wakutazama kama mwizi aliyesimama mlangoni kimya. Nikiwa mtoto nilikuwa nikiwakimbia wageni wazee waliotujia nyumbani. Wao walidhani nina kiburi, na mama akanitetea kwa kusema kuwa nina haya. Hakuna aliyesema kuwa naiogopa ile sh ya mwanzo. Mama alilijua neno kigugumizi, bila shaka. Hakulitumia kwa kunihurumia.

Ustadi wa kujificha

Walimu wa ufasaha hupenda sana kisa cha Demosthenes wa Athene, ambaye kwa masimulizi ya Plutarch alitia vijiwe kinywani na kuhutubia hadi ulimi ukatii. Husimuliwa kama kisa cha ushujaa. Mimi hukisoma zaidi pale Plutarch aelezapo kuwa Demosthenes alijijengea chumba chini ya ardhi na kunyoa upande mmoja wa kichwa ili aone haya kutoka nje mpaka atakapokuwa tayari. Watu hawakutakiwa kumwona akiwa bado na dosari.

Ustadi wa namna hii ulifikia kilele chake katika Basra ya karne ya 8. Wasil ibn Ata, aliyefariki mwaka 748 na ambaye anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa madhehebu ya Mutazila, hakuweza kuitamka r. Hilo ni kitembe, si kigugumizi, lakini dawa yake ni ileile. Aliiondoa herufi hiyo katika maneno yake yote. Mwandishi al-Jahiz, wa mji huohuo wa Basra, aliyekufa karibu mwaka 869, alimstaajabia katika kitabu chake juu ya ufasaha, na hotuba ya Wasil isiyo na r hata moja imehifadhiwa na kusomwa hadi leo. Uingereza katika karne ya 20 ilikuwa na Aneurin Bevan, waziri aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948. Wengi waliomjua walisema kuwa wingi wa msamiati wake ulitokana na kukwepa maneno yaliyomkwaza. Wote wawili walisifiwa. Ni lazima tukiri pia kuwa waliishi kila siku wakizihesabu herufi, na kuwa sifa hizo zilitegemea wasikilizaji kutojua, au kujifanya hawajui.

Kuna mfano wa kale zaidi ulio kinyume cha huo. Musa, kwa mapokeo ya Taurati na ya Kurani, alipopewa kazi ya kwenda kwa Firauni hakujificha. Aliutaja uzito wa ulimi wake papo hapo, wakati wa kupewa kazi, na akaomba msaidizi. Akapewa Haruni. Wafasiri wamehitilafiana juu ya uzito huo ulikuwa wa namna gani, na si kazi yangu kuamua. Linalonivutia ni mahali alipolisema jambo lake: si baada ya kushindwa, wala si kwa kuombwa radhi, bali kabla ya kuianza kazi. Dua yake ya kufunguliwa fundo la ulimi husomwa mpaka leo na vijana wengi wa madrasa kabla ya mtihani, nao aghalabu hawafikirii kuwa ni ungamo la mtu mwenye shida ya kusema.

Karne ya 19 haikuwa na subira ya namna hiyo. Mwaka 1841, mjini Berlin, daktari Johann Friedrich Dieffenbach alianza kuukata ulimi wa wenye kigugumizi kwenye shina lake na kuutoa kipande, na madaktari wa nchi nyingine za Ulaya wakamwiga mwaka huohuo. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. Wagonjwa walitoka damu nyingi, vifo vikaripotiwa, na baada ya muda mfupi upasuaji huo ukaachwa. Yatosha kusema kuwa watu walikubali kulala mezani wakatwe ulimi wakiwa macho, kuliko kuendelea kusikika.

Mfano wa mwisho wa fungu hili watuhusu kwa karibu. Desemba 1924 mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyeitwa wakati huo Duke wa York, alishuka Mombasa na mkewe kwa safari ya kuwinda. Alikuwa na kigugumizi kikali. Mwaka 1926 alianza kufundishwa na Lionel Logue wa Australia, na mwaka 1936 akawa mfalme George VI. Siku chache tu baada ya kushika ufalme, tarehe 13 Desemba 1936, Askofu Mkuu wa Canterbury alihutubia taifa kwa redio na, kwa nia njema inayodhaniwa, akawaeleza wasikilizaji kuwa mfalme husita kidogo anaposema, nao wasijali. Logue hakufurahi. Mfalme alitajwa mbele ya dola nzima, makoloni yakiwamo, na mtu asiyetumwa. Yeye mwenyewe hakupata kulisema jambo hilo hadharani mpaka alipofariki tarehe 6 Februari 1952, siku ambayo binti yake alikuwa hapa Kenya, katika mbuga za Nyeri.

Iowa

Mabadiliko yalikuja pale wagonjwa walipogeuka kuwa watafiti. Chuo Kikuu cha Iowa, chini ya Lee Edward Travis, kiliwavuta vijana wenye kigugumizi waliokuja kutibiwa wakabaki kusoma. Nadharia ya mwanzo ilikuwa kwamba kigugumizi chatokana na pande mbili za ubongo kugombea uongozi, hivyo baadhi yao walifungwa mkono wa kulia ili wazoee kutumia wa kushoto. Nadharia hiyo haikudumu. Kilichodumu ni kwamba kwa mara ya kwanza aliyeshika kalamu na aliyeshikwa na kigugumizi walikuwa mtu mmoja.

Wendell Johnson alizaliwa Kansas mwaka 1906. Kitabu chake cha 1930 kiliitwa, kwa tafsiri yangu, Kwa Sababu Nina Kigugumizi. Mwenzake Charles Van Riper, aliyezaliwa Michigan mwaka 1905, alikuwa amekwisha kushindwa kazi ya ualimu, na wakati mmoja alifanya kazi shambani akijifanya kiziwi na bubu ili asitakiwe kusema. Alisimulia baadaye kuwa kilichomgeuza ni kukutana njiani na mzee mwenye kigugumizi aliyemwambia kuwa yeye ameacha kupigana na maneno yake. Van Riper alianzisha zahanati huko Kalamazoo, na kazi yake yote ilitoka katika wazo hilo: mtu ajifunze kukigugumiza kigugumizi chake kwa urahisi na bila kukificha, badala ya kutafuta usemi usio na doa. Bryng Bryngelson wa Minnesota aliwatuma wanafunzi wake barabarani na madukani wagugumize kwa makusudi mbele ya wageni, ili hofu iishiwe na nguvu. Joseph Sheehan, naye pia mwenye kigugumizi, aliandika mwaka 1970 kuwa tatizo hili ni kama mlima wa barafu uelelao baharini. Yanayosikika ni kilele tu. Chini ya maji kuna aibu, woga na hila za kukwepa, na hayo ndiyo mengi.

Na sasa nirudi kwa Johnson, kwani hapa ndipo penye ugumu. Kutokana na maisha yake mwenyewe alifikia imani kuwa kigugumizi huanza katika sikio la mzazi anayemhukumu mtoto, wala si katika kinywa cha mtoto. Mwaka 1939 alimsimamia mwanafunzi wake wa shahada ya pili, Mary Tudor, katika jaribio lililofanywa kwenye nyumba ya mayatima huko Davenport, Iowa. Watoto walikuwa 22. Kumi kati yao walisemekana kuwa na kigugumizi, na 12 walisema vizuri. Sita katika hao 12 waliambiwa kuwa wameanza kugugumiza, wajihadhari, wasiseme kabisa ikiwa hawawezi kusema sawasawa. Watoto hao walianza kunyamaza, kujificha na kuogopa. Tudor aliingiwa na wasiwasi, akarudi mara kadhaa kujaribu kuyaondoa aliyoyapanda. Tasnifu yake iliwekwa katika maktaba ya chuo, lakini Johnson hakuichapisha kamwe. Umma uliipata habari hii mwaka 2001 kwa njia ya gazeti la San Jose Mercury News. Chuo kikaomba radhi mwaka huohuo. Na mwaka 2007 jimbo la Iowa likakubali kuwalipa waathiriwa na warithi wao dola 925,000.

Nicoline Ambrose na Ehud Yairi waliyachambua upya matokeo hayo mwaka 2002, wakaona kuwa hayathibitishi kwamba mtoto hata mmoja aligeuzwa kuwa mwenye kigugumizi. Utafiti wa urithi wa kibiolojia nao umetuondoa mbali na nadharia ya Johnson: tangu 2010 zimegunduliwa jeni kadhaa zinazohusika, na uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015 ulitegemea ukoo mmoja mkubwa wa Kamerun. Takriban mtu mzima mmoja katika mia ana kigugumizi, na hali hii ipo katika kila lugha ilipotafutwa. Jina haliumbi kigugumizi, basi. Hata hivyo hatuwezi kulitupa lote alilolisema Johnson. Wale mayatima hawakuugua ndimi, walinyimwa kinywa. Walitajwa, na mtajaji alikuwa mkubwa wao, mwenye mamlaka, asiyekuwa na kigugumizi, na aliyesema uongo. Johnson alipojitaja katika kitabu chake cha 1930 hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwapo. Naona kuwa kosa lake la nadharia lilikuwa la kisarufi: aliichukua kauli ya kutendwa na ya kujitenda akazihesabu kuwa moja, kwa sababu kitenzi ni kimoja. Msemaji wa Kiswahili asingepaswa kukosea hapo, maana kile ki-ji kidogo kikiingia tu, kutaja kunakuwa kitu kingine.

Kazini

Vyama vya wenye kigugumizi viliyachukua mawazo ya Van Riper na Sheehan kutoka zahanati na kuyapeleka kazini na majumbani. California ilipata chama chake mwaka 1977, Uingereza mwaka 1978. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1995, na tangu 1998 tarehe 22 Oktoba imekuwa siku ya kukikumbuka kigugumizi duniani. Shauri linalotolewa na wengi ni la namna moja: mwambie mwajiri, mwambie mteja, uliseme mapema na kwa maneno machache, kisha uendelee na kazi. Kwa upande wetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra katiba kuingia katika elimu ya pragmatiki kiasi hicho. Lakini kifungu hicho chahusu kutajwa. Kujitaja hakuna sheria inayoweza kumfanyia mtu.

Mimi nililijaribu shauri hilo nikiwa nimechelewa. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada ya pili, niliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Mwenyekiti aliniomba nijitambulishe. Jina langu likakwama. Akatabasamu akaniuliza kama nimelisahau, na wajumbe wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasio wabaya. Nilicheka nao. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo: kwamba nilicheka nao, nikaacha wafikiri kuwa ni wasiwasi wa mahojiano, ili nisilitaje neno. Kazi sikuipata, na sidai kuwa sababu ni hiyo.

Katika chuo ninapofundisha sasa, saa ya kwanza ya muhula huwa nawaambia wanafunzi: "Nina kigugumizi. Nikikwama, ningojeeni, msinimalizie neno, kwa kuwa mara nyingi mtanipa neno silo." Hucheka kwa hilo la mwisho, nami hutaka wacheke hapo. Tangu nilipoanza desturi hii sijaacha kukwama. Nasema kitabu nikitaka kitabu. Mihadhara yangu imekuwa mirefu kwa dakika chache, na nadhani Kiswahili changu kimekuwa sahihi zaidi, kwani zamani nilitumia neno la pili au la tatu kwa ubora. Si kila mahali palipokubali. Katika simu bado watu hunikatia wakidhani mtandao umeharibika, na katika matatu bado nagonga bati kwa sarafu badala ya kuita "shukisha". Na mwenzangu mmoja mwenye heshima aliniambia faraghani: "Mwalimu, kwa nini unajishusha mbele ya watoto?" Sikumlaumu. Kwa malezi yetu aibu ya mtu husitiriwa, na mwenye kuivua mwenyewe huonekana amekosa wa kumsitiri. Ila sijaona kuwa ni aibu yangu.

Rekodi

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi wakusanyaji wa lahaja na fasihi simulizi. Kanuni za kale za uchunguzi wa lahaja zilishauri mtoa habari awe mtu mwenye matamshi safi na meno kamili. Tunapomchagua hivyo, na tunaponukuu masimulizi tukiyaondoa marudio na misito, tunatengeneza jamii isiyo na wenye kigugumizi, kama Johnson alivyoitengeneza ya Idaho. Hatimaye atakuja mtu asome kazi zetu aandike kuwa waswahili hawakuwa na tatizo hilo.

Nasema hivi nikiwa nina hatia. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu, nilikwenda katika kisiwa kimoja cha Lamu kurekodi hadithi kwa mzee mmoja msifika. Kabla ya kuanza, chombo kikiwa kimekwisha kuwashwa, alinigeukia akasema: "Mwanangu, mimi nna kigugumizi. Hadithi itatinda, lakini itafika." Nilimjibu, "Haya, babu," nikitumia maneno mawili mafupi niliyokuwa na hakika nayo. Mimi niliyetoka kusoma habari za Van Riper katika maktaba kubwa ya ng'ambo sikumwambia kuwa nami ninacho. Alisimulia kwa zaidi ya saa moja. Alikwama mara nyingi, na wajukuu waliokuwa wameketi pale hawakumsaidia wala hawakugeuza nyuso. Walingoja, kama mtu angojavyo maji yapwe.

Katika tasnifu hadithi hiyo ina kurasa 11, nayo ni safi kabisa. Nilifuta marudio yake. Nilifuta maswali yangu yote yaliyokwama na kuyaandika upya kama yalivyopaswa kutamkwa. Na ile sentensi yake ya kwanza niliiondoa, kwa hoja kuwa si sehemu ya hadithi. Msimamizi wangu aliisifu nakala hiyo kwa unadhifu wake.

Rekodi ninayo bado. Mwaka huu nimeanza kuinukuu upya, pamoja na sauti yangu, nami nimelazimika kubuni alama, maana mfumo wetu wa kawaida wa kunukuu hauna alama ya mtu aliyekwama ambaye hajanyamaza. Kwa sasa naandika nukta mbili juu ya konsonanti inayovutwa, kistari baada ya silabi inayorudiwa, na mkwaju pale pumzi inapozuiwa kabisa. Dakika moja ya rekodi hunichukua karibu jioni nzima. Nimefika dakika ya tisa, ambapo mzee yumo katikati ya jina la shujaa wake.